Mpangile wa Munyigumba: Nasaba na Asili ya Mhusika Mdogo

Katika hadithi za picha zinazochapwa magazetini iko desturi moja ambayo msomaji huizoea hata asiione. Shujaa huchorwa katikati, mkubwa, uso wake umetukabili. Na pembezoni huwekwa mtu wa pili, aghalabu nusu ya mwili tu, ambaye kazi yake ni kuleta habari, kushika mkuki wa mwenziwe, au kufa ili hadithi ipate kuendelea. Zamani Christian Gregory alipokuwa akimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, wasomaji walicheka na mtu wa katikati, wala hawakuuliza habari za wale wa kandoni: ni wana wa nani, wametoka wapi, na je, waliigwa kwa watu waliopata kuishi? Si kosa kwa hadithi ya kuchekesha. Lakini historia inaposimuliwa kwa mtindo huo huo, mtu wa kandoni hudhulumiwa, kwa maana yeye hakubuniwa na mchoraji. Alikuwa na baba, alikuwa na ndugu, na kifo chake kilikuwa kifo cha kweli.

Insha hii inamhusu mtu mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Mpangile mwana wa Munyigumba, ndugu wa Mkwawa wa Uhehe. Habari za Mkwawa hazina haja ya kutangazwa. Vitoto vya shule vinazijua. Chuo kikuu kishiriki kilichoko Iringa kinaitwa kwa jina lake. Mugyabuso Mulokozi alimtungia tamthilia, Mukwava wa Uhehe, iliyotolewa mwaka wa 1979. Mpangile naye hupita katika masimulizi haya mara tatu: mara ya kwanza akiwa vitani, mara ya pili akiwa juu ya kiti, mara ya tatu akiwa chini ya kamba. Kila mara hukaa kitambo kidogo, kisha huondoka. Msimulizi akiwa na haraka humwita msaliti. Akiwa na huruma humwita shahidi. Na wengi hawamwiti jina lolote. Nataka tupime lipi kati ya majina hayo linamstahili, na kwa kufanya hivyo tuone jinsi mtu wa kweli anavyogeuzwa kuwa mhusika.

Tuanze na nasaba, kwa sababu katika Uhehe ya karne ya kumi na tisa nasaba ndiyo iliyokuwa siasa. Munyigumba, mtu wa ukoo wa Muyinga, ndiye aliyeziunganisha tawala ndogo ndogo za uwanda wa Iringa zikawa dola moja. Aliziunganisha kwa mkuki, lakini alizishika kwa ndoa. Binti za wakuu walioshindwa waliolewa katika nyumba yake, na binti zake waliozwa kwa watu aliotaka wamtii. Watawala wa chini, walioitwa vanzagila, wengi wao walikuwa jamaa au wakwe. Upande wa magharibi alipigana na Wasangu wa Merere, ambao zamani walikuwa na nguvu kuliko Wahehe, akawasukuma hata mji wao mkuu ukahamia Utengule, upande wa Mbeya. Mwaka wa 1877 Mwingereza Frederic Elton na wenzake walifika kwa Merere wakajikuta ndani ya mji uliozingirwa na jeshi la Wahehe. Kisa cha Iringa na Mbeya kwa hiyo ni kisa kimoja: nyumba moja ilipopanda, nyingine ilishuka, na ya pili haikusahau.

Nyumba iliyojengwa kwa ndoa ina hatari yake, kwani mkwe akiwa na jeshi huweza kudhani kwamba yeye pia ni mrithi. Munyigumba alipofariki, yapata mwaka wa 1879, ndivyo ilivyotokea. Mwambambe, aliyekuwa mkwewe na mtawala wa chini yake, aliinuka dhidi ya wana wa marehemu. Muhalwike, mmoja wa wana hao, aliuawa, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Baadaye Mkwawa alirudi akamfukuza Mwambambe. Huyu naye akatafuta msaada wa nje, akaja na jeshi la ruga-ruga, akashindwa na kuuawa. Mahali pa pigano hilo paliitwa Lundamatwe, maana yake mahali palipolundikana vichwa, na jina hilo lingalipo mpaka leo.

Basi fitina ya ndani, tena fitina ya jamaa, ilikwisha kuonekana katika nyumba ya Munyigumba kabla ya Mzungu yeyote kufika na bunduki. Jambo hili lina uzito katika shauri letu. Mtu anayesema kwamba Mpangile aliutamani ukuu wa nduguye lazima akumbuke kwamba nafasi nzuri ya kuutamani ilikuwa wakati ule Mkwawa alipokuwa mkimbizi asiye na kitu. Walakini jina linalotajwa katika uasi ule ni la mkwe. Jina la Mpangile tunalikuta miaka iliyofuata, nalo liko upande wa Mkwawa.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa, msafara wa Wadachi ulioongozwa na Emil von Zelewski uliingia mtegoni. Zelewski alijulikana kwa watu wa pwani kwa jina la Nyundo, na alikuwa amepanda bara huku akichoma vijiji njiani. Wahehe walilala katika majani na mawe kandoni mwa njia, na walipoinuka shughuli ilikwisha kwa muda mfupi sana. Wazungu kumi waliuawa, Zelewski mmoja wao, pamoja na askari zaidi ya mia mbili na wapagazi wengi. Bunduki zipatazo mia tatu na mizinga mitatu ziliingia mikononi mwa Wahehe. Masimulizi husema kwamba aliyemchoma Nyundo mkuki alikuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, akazawadiwa ng'ombe. Na aliyeongoza jeshi uwanjani, kwa niaba ya Mkwawa, anatajwa kuwa ni Mpangile.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Jina la Lugalo limepewa kambi ya jeshi na hospitali yake katika Dar es Salaam, na pia shule katika mji wa Iringa. Jina la Mkwawa limepewa chuo na barabara. Jina la yule anayetajwa kuwa ndiye aliyeshika amri siku ile halisikiki hivyo. Sababu si kwamba ushindi wake ulikuwa mdogo. Sababu ni mambo yaliyotokea miaka mitano baadaye.

Wadachi hawakuisahau Lugalo. Mwezi wa Oktoba 1894 Gavana von Schele alipanda mwenyewe na jeshi kubwa, akapiga ngome ya Kalenga kwa mizinga, na tarehe 30 ikaanguka. Mkwawa alitoka akaingia porini, na kuanzia hapo vita vikawa vya aina nyingine. Katika mwaka wa 1896 Kapteni Tom von Prince, ambaye Waafrika walimwita Sakarani, alijenga boma jipya juu ya kilima, karibu na jiwe la Gangilonga, ndipo ulipo mji wa Iringa sasa. Prince alijua kwamba hawezi kumkamata mtu ambaye nchi nzima inamficha. Kwa hiyo alifanya mambo matatu. Aliwasumbua watu waliomlisha Mkwawa, akichoma vyakula na kuwaondoa mahali pao. Aliigawa nchi, akimrudishia Merere Usangu ambayo wazee wake walinyang'anywa. Na katika Desemba 1896 alimchukua Mpangile, aliyekuwa amekwisha jisalimisha, akamweka kuwa mkuu wa Wahehe badala ya nduguye.

Shauri hili la Prince ndilo lililomtoa Mpangile katika wapiganaji na kumtia katika hadithi. Lilikuwa shauri la mtu mjuzi wa nasaba. Kama angalimweka mgeni, Wahehe wasingalimsikiliza. Kama angalimweka mkwe, wangalimkumbuka Mwambambe. Alimtaka mtu ambaye damu yake haina shaka. Lakini damu ile ile iliyomfaa Prince kwa kumweka Mpangile juu ya kiti ndiyo iliyomfanya amshuku kila siku alipokuwa amekikalia. Kiti kile Mpangile hakukaa hata miezi mitatu. Mwezi wa Februari 1897 alishtakiwa kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri, akahukumiwa, akanyongwa.

Mambo haya yanaweza kusomwa kwa njia tatu, na yafaa tuzipime moja moja.

Njia ya kwanza yasema kwamba Mpangile alikuwa mwenye tamaa aliyemuuza nduguye. Wapendao njia hii wana methali tayari: kikulacho ki nguoni mwako. Tena wana mfano katika fasihi yetu ya zamani. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anakijua kisa cha Fumo Liongo, ambaye silaha za adui hazikumdhuru, akauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kisa hicho kimetupa kalibu: shujaa mkubwa haangushwi na wageni, huangushwa na wa nyumbani. Kalibu nzuri ina hatari moja, nayo ni kwamba kila udongo utiwao ndani hutoka na umbo lile lile. Msimulizi anapokuta shujaa, adui wa kigeni, na ndugu aliyekalia kiti cha adui, mkono wake huenda wenyewe kwenye sindano ya Liongo. Walakini tukiuliza Mpangile alimuuza nani, jibu halipatikani. Kwa muda wote aliokaa juu ya kiti Mkwawa hakukamatwa. Na mwenye kununua, kama kweli alikuwa amenunua, hakuridhika na bidhaa yake, akamnyonga muuzaji. Njia ya kwanza haisimami.

Njia ya pili ni kinyume cha hiyo. Yasema kwamba Mpangile alikikubali kiti kwa shauri la siri, ili awe jicho na ghala la nduguye ndani ya boma la adui, na kwamba alikufa kwa ajili ya uaminifu huo. Njia hii inapendeza, na ushahidi wake mkubwa ni lile shtaka lenyewe. Lakini mwanahistoria hawezi kupokea shtaka kuwa ushahidi. Aliyeshtaki ndiye aliyehukumu, na aliyehukumu alikuwa na haja ya kueleza kwa nini Mkwawa hakamatiki. Mtawala aliyeshindwa kumshika adui wa mbali mara nyingi humwona adui wa karibu. Masimulizi yenyewe hayakubaliani: wako wasemao kwamba alisaidia kweli, na wako wasemao kwamba alisingiziwa. Na baadhi ya yale tunayosoma yametoka katika nyumba ya hakimu yuyo huyo, maana Magdalene von Prince, mke wa Kapteni, alikuwako Iringa siku zile, na kitabu cha kumbukumbu zake kilitolewa mwaka wa 1903. Ni kitabu chenye faida kubwa, lakini lazima kisomwe kwa kukumbuka mwandishi alikuwa ameketi upande gani wa baraza.

Njia ya tatu haina utamu wa hadithi, na kwa sababu hiyo imesahauliwa. Yasema kwamba Mpangile hakuwa msaliti wala mpelelezi. Alikuwa mtu wa nyumba ya kifalme katika nchi ambayo mashamba yake yanachomwa na watu wake wanahamishwa. Vanzagila wengine nao walikuwa wakijisalimisha, mmoja baada ya mwingine. Huenda aliona kwamba ndugu mmoja alikuwa na kazi ya kukataa, na ndugu wa pili alikuwa na kazi ya kuwaombea watu nafasi ya kupanda mtama. Mtu wa namna hiyo, akija mtu wa Mkwawa usiku kuomba chakula, je, angalimfukuza? Angalimfunga ampeleke bomani? Kama alinyamaza tu, kunyamaza kwake kulitosha kuwa hatia mbele ya Sakarani. Damu nzito kuliko maji. Na mwenye kutaka kutumia damu ya mtu asishangae ikimwelekea mwenyewe.

Mimi naelekea njia hii ya tatu, ingawa nakubali kwamba kati yake na ile ya pili mpaka ni mwembamba. Kwa mtu aliye katika hali kama ile, uaminifu na huruma havitengani kwa urahisi kama vinavyotengana katika vitabu. Lakini jambo moja ni thabiti kwa njia zote mbili. Kamba iliyomnyonga Mpangile haikuleta kile ilichotakiwa kuleta. Wahehe waliendelea kumficha Mkwawa kwa miezi kumi na saba mingine, ingawa kichwa chake kilikuwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Alipokufa, tarehe 19 Julai 1898, karibu na Mlambalasi, alijiua kwa risasi yake mwenyewe, akiwa mgonjwa na karibu peke yake. Sajini Merkl, aliyemfuata mpaka pale, aliukuta mwili umekwisha poa au ukaribu wa kupoa. Kichwa kilikatwa kikapelekwa bomani.

Tangu hapo hadithi iligawanya ndugu wawili hawa kwa namna ya ajabu. Kichwa cha Mkwawa kikawa jambo la dunia. Mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919, katika sharti lake la 246, uliwaamuru Wajeremani walirudishe fuvu hilo. Halikurudi upesi. Mwaka wa 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, ambako mafuvu mengi yalikuwa yamehifadhiwa, na fuvu likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi huko Kalenga, nalo liko katika nyumba ya makumbusho hapo. Wako wanazuoni wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Lakini yatupasa tutambue jambo lililofanyika: ukoo uligeuzwa kuwa kipimo. Waliotaka kumjua Mkwawa walirejea kwa nasaba yake, wakaupima mfupa kwa mfupa.

Nasaba hiyo iliendelea na kazi yake. Sapi, mwana wa Mkwawa, alirudishiwa uchifu na Waingereza mwaka wa 1926, walipokuwa wakijenga utawala wao juu ya machifu. Mwaka wa 1940 nafasi yake ilichukuliwa na mwanawe, Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka wa 1962 hata 1973, na tena kuanzia 1975 hata 1994. Tazama basi: serikali ya Waingereza ilifanya kwa Sapi jambo lile lile ambalo Prince alilifanya kwa Mpangile, yaani kumweka mtu wa nyumba ya Munyigumba atawale chini ya bendera ya kigeni. Hakuna anayemwita Sapi msaliti, wala haifai kumwita. Tofauti kati ya watu wawili hao ni kwamba mmoja aliwekwa baada ya vita kwisha na mwingine aliwekwa vita vikiendelea. Kama tunamwelewa Sapi, hatuna budi kujaribu kumwelewa Mpangile.

Nimekwisha fundisha habari hizi darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi huuliza swali moja: je, Mpangile alikuwa upande gani? Naona swali hilo limefundishwa na hadithi, si na historia. Katika mchoro kuna pande mbili, kulia na kushoto, na kila mtu lazima asimame pamoja na wengine. Katika Uhehe ya mwaka wa 1896 mtu aliweza kuwa ndugu wa aliyeko porini, na mateka wa aliyeko bomani, na baba wa walioko mashambani, yote kwa siku moja.

Vitabu vilivyoandikwa juu ya Wahehe, tangu kile cha Nigmann cha mwaka wa 1908, hata Mukwava na Kabila Lake cha Michael Musso na uchunguzi wa Alison Redmayne juu ya vita vya Wahehe, vyote viwili vya mwaka wa 1968, vinampa mwandishi wa leo mali ya kutosha ya kufanyia kazi. Kijana atakayetunga tamthilia mpya, au atakayechora kisa hiki kwa picha kwa ajili ya watoto wa Iringa na Mbeya, atafika mahali ambapo Mpangile ameketishwa juu ya kiti cha nduguye mbele ya askari wa Prince. Hapo ndipo kalamu yake itakapojaribiwa. Akimpa uso wa hila, atakuwa ameichukua sindano ya Liongo akaitia mkononi mwa mtu ambaye hakuishika. Akimpa uso wa malaika, atakuwa amepokea shtaka la Sakarani bila ya kulihoji. Namshauri aanze mchoro wake mbali kidogo, miaka mitano nyuma, kwenye majani ya Lugalo, ambako Mpangile amelala chini pamoja na watu wake akingoja msafara wa Nyundo upite. Kisha amfuate mtu huyo huyo, kwa uso huo huo, hata Februari ya 1897.